Banyani na Kiatu Chake: Ziara ya Hekalu la Wahindu Katikati ya Kampala

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya methali, huandika ubaoni: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Wanafunzi huinakili. Chini yake huandika maana niliyowapa, kwamba hata mtu usiyempenda anaweza kukufaa siku moja, kisha tunaendelea na methali inayofuata. Katika miaka yote niliyofundisha hapa Kampala hakuna aliyewahi kuniuliza Banyani ni nani. Muhula uliopita msichana mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Busoga, alinyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, Banyani ni kabila la wapi?" Kabla sijajibu, mwenzake wa nyuma akamweleza kwa uhakika mkubwa kuwa ni aina ya nyani. Darasa likacheka. Nami nikasema, bila kufikiri sana, kwamba Jumamosi tutakwenda kumwona. Kauli hiyo sasa naiona haikuwa nzuri, kwani mtu haendewi kutazamwa kama tembo wa mbugani. Lakini safari ilifanyika, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji wa jarida letu.

Kwanza tulimalize suala la neno lenyewe. Banyani, ambalo wengine huliandika Baniani, lilitujia kutoka Kigujarati. Huko, vaniyo ni mtu wa tabaka la wafanyabiashara, na wingi wake ni vaniya. Waarabu, Wareno na Waingereza wote walilichukua, kila mmoja akalitamka kwa ulimi wake, na watu wa pwani yetu wakalitumia kwa Mhindu yeyote mwenye duka au mwenye kukopesha, awe wa tabaka hilo au asiwe. Halina uhusiano wowote na nyani. Ndugu yake wa karibu katika Kiswahili ni neno bepari, ambalo kwa Kigujarati lilimaanisha mfanyabiashara tu, bila sifa mbaya wala nzuri. Bepari akawa mnyonyaji baadaye, hasa Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Maneno haya mawili yaliingia dukani yakiwa safi, yakatoka yakiwa yamepakwa matope, na sisi walimu tunayafundisha hivyo hivyo yalivyo.

Jambo la pili ni herufi moja inayowasumbua sana wanafunzi wetu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Allidina Visram, tajiri aliyefungua maduka kutoka Bagamoyo hadi Kampala na ambaye alifariki mwaka 1916, alikuwa Mhindi lakini hakuwa Mhindu. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Wagoa waliojaza ofisi za serikali ya kikoloni walikuwa Wakatoliki. Makalasinga wana dini yao. Kwa hiyo insha inayoanza na "Wahindi wote hawali nyama ya ng'ombe" nimekuwa nikiirudisha bila alama. Katika Luganda tatizo hili halionekani sana kwa sababu Omuyindi huwakusanya wote katika kapu moja, na nadhani ndiko kosa linakotoka.

Sasa twende mjini. Anayeijua Kampala anajua kwamba kila dini imepewa kilima chake, au imejitwalia. Waanglikana wako Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli na Kampala ya Zamani. Hata Wabahai, ambao ni wachache, wana hekalu lao la kuba juu ya kilima cha Kikaya tangu mwaka 1961. Wahindu peke yao utawatafuta mlimani usiwapate. Hekalu lao maarufu, la Shree Sanatan Dharma Mandal, liko chini mjini, katika Barabara ya Snay bin Amir, si mbali na soko la Nakasero, mahali ambapo mtu hupita akiwa amebana mfuko kwa mkono mmoja na kuwapisha wachukuzi kwa mkono mwingine. Nimepita pale mara nyingi sana nikienda kununua nyanya. Minara yake yenye michongo huonekana juu ya mabango ya simu na nyaya za umeme, lakini macho ya mnunuzi wa nyanya yako chini.

Kwa nini bondeni? Sababu ni ya kihistoria, wala haina fumbo. Vilima viligawiwa wakati Kabaka na machifu wake walipokuwa na uwezo wa kugawa, na waliogawiwa ni wamisionari na Waislamu wa Buganda. Baada ya Mkataba wa 1900 ardhi kubwa ya Buganda ikawa ya mailo, na sheria ya 1908 ikazuia kuwauzia wasio wenyeji bila idhini ya serikali. Mhindi akabaki na viwanja vya kupanga katika mji na katika vituo vya biashara. Akajenga duka mbele, akaishi nyuma au juu, na alipotaka kumjengea Mungu, akamjengea humo humo mtaani. Hekalu hili ni la miaka ile ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kabla ya uhuru wa 1962.

Kuhusu jina la barabara, nakiri kwamba nililipita kwa miaka mingi nikidhani ni la Mhindi fulani. La hasha. Snay bin Amir alikuwa Mwarabu wa Oman, wa ukoo wa Al-Harthi, aliyeanza maisha kwa kuuza vitu vitamu huko Muscat na kuishia kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu, na wa watumwa pia, tusifiche, katika mji wa Kazeh ambao leo ni Tabora. Mwaka 1852 alifika Buganda, katika enzi ya Kabaka Suuna II. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 ndiye aliyewapokea, na Burton alipata kwake habari nyingi za nchi na za lugha. Aliuawa mwaka 1861 katika vita vya Waarabu wa Tabora na mtemi Manwa Sera. Misafara kama yake ndiyo iliyoleta Kiswahili katika lubiri ya Kabaka, miongo kadhaa kabla ya Mwingereza yeyote kuwaza kukiweka au kukiondoa katika mtaala.

Na misafara hiyo ililipiwa na nani? Hapa ndipo nilipowasimamisha wanafunzi kando ya barabara, tukiwa tumezungukwa na mafungu ya ndizi, niwaeleze. Mwarabu wa msafara mara nyingi hakuwa na fedha taslimu. Nguo, shanga na nyaya za shaba alizobeba alizikopa Zanzibar kwa wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao Waismailia, baadhi yao Mabanyani hasa. Kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, ilikodi forodha yote ya Zanzibar tangu miaka ya 1830, na wakati wa Burton msimamizi wake alikuwa Ladha Damji. Mzigo ukitoka pwani, deni liko kitabuni. Pembe zikirudi, deni linafutwa au linaongezeka. Kwa hiyo Kiswahili chetu hiki kiliingia Uganda kwa mkopo wa Banyani. Ndiyo maana maneno ya fedha na biashara yana harufu ya Gujarati na Hindi: pesa, laki, hundi, bima, duka, gunia. Luganda nayo ikayapokea kutoka kwetu, edduuka ikiwa mfano, na eggaali y'omukka, ambayo si nyingine ila gari la moshi.

Wanafunzi wengi walikuwa wamekariri kwamba Wahindi waliletwa na reli. Ni kweli kwa sehemu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka ya Kampala kwa kawaida hawakuwa watoto wa hao. Walikuja wenyewe kutoka Gujarat, kwa jahazi na baadaye kwa meli, kijana mmoja akimfuata mjomba wake, na yeye akimwita mdogo wake. Reli yenyewe haikufika Kampala mpaka 1931, na kufikia hapo maduka yalikuwa yamekwisha kujaa.

Tuliingia langoni saa nne za asubuhi. Kelele za soko hazikukatika, ila zilipungua, kama redio iliyohamishiwa chumba cha pili. Mlangoni pana mahali pa kuweka viatu. Tulikuwa watu kumi na tisa, na viatu vyetu vilikuwa vimejaa matope ya Nakasero, hata nikaona haya kuvipanga pale. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akikunja kitambaa karibu na mlango alitukaribisha kwa Kiswahili. "Karibu watoto, karibu. Viatu weka hapa, halafu ingia."

Hapo kijana wetu mmoja mcheshi akawaambia wenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Jamani, msichanganye viatu. Hapa ndipo penye dawa." Mwingine akaikariri methali nzima. Wakacheka wote, kicheko cha shule.

Mzee akaacha kukunja kitambaa. "Hiyo methali mimi najua," akasema. "Toka mdogo najua. Sisi nacheza mpira na watoto ya Jinja. Mimi nafunga bao, wao nasema hiyo." Akaonyesha kwa kidole. "Kiatu yangu ile pale, ya kahawia. Kama nataka dawa, chukua tu."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Nikamwambia, "Utuwie radhi, Mzee. Ni watoto." Akanitazama, wala hakuwa amekasirika, akanijibu, "Hapana shida, Mwalimu. Methali si ya watoto. Ya wakubwa." Kisha akatuongoza ndani.

Ndani mtu hutazamia giza, kwa jinsi minara ilivyo mizito kwa nje. Badala yake kuna ukumbi mpana wenye kuba juu yake, na baridi ya sakafu inayopanda kwenye nyayo. Mzee alitueleza jina la mahali. Sanatan Dharma ndilo jina ambalo Wahindu wengi huipa dini yao, na maana yake ni njia ya milele, au mwenendo wa milele. Mandal ni chama. Mahekalu ya aina hii hayana mungu mmoja tu wa nyumba. Utawakuta Rama na Sita, Krishna na Radha, Shiva, na Ganesh mwenye kichwa cha tembo ambaye huombwa kwanza kabla ya kuanza jambo lolote, iwe safari, ndoa au duka jipya. Mwenye kuja kuomba hugonga kengele, husimama mbele ya murti akiwa ameunganisha viganja, huzunguka kwa mkono wa kulia, na hupewa prasadi, yaani chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu kikarudi kwa watu. Tulipewa vipande vya tunda na sukari. Wanafunzi wawili walokole walisita. Mzee akaona, akawaambia si lazima, akaendelea na wengine. Nilipenda alivyofanya hivyo bila kuwageuza kuwa mada.

Murti ndiyo iliyotuletea mjadala mkali kuliko yote. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mzee, sanamu hizi zimetoka India?" Mzee alisikia neno sanamu na uso wake ukabadilika kidogo. Akatueleza kwa Kiswahili chake, na mimi nikawa nafasiri Kiswahili kwa Kiswahili. Jiwe likitoka kwa fundi, alisema, ni jiwe tu. Kuna ibada ambayo makuhani hufanya siku ya kuliweka, ya kuomba pumzi iingie humo, na tangu siku hiyo murti huamshwa asubuhi, huvishwa, hulishwa, hupumzishwa mchana na kulazwa usiku, kama mgeni mheshimiwa nyumbani. "Sanamu iko kwa barabara," akasema. "Ya waziri. Hiyo hakuna mtu nalisha."

Sasa, ndugu zangu walimu, mnaonaje? Kamusi zetu zinatupa sanamu, na sanamu kwa mtu aliyelelewa na Biblia au Kurani tayari limebeba hukumu ndani yake, kwa kuwa karibu kila mara hutanguliwa na kuabudu. Nilijaribu mzimu, likakataa. Kinyago, likawa tusi. Mwisho nikawaruhusu waandike murti, kama tunavyoandika kurani na injili bila kutafsiri. Mwenzangu mmoja wa idara, niliyemwonyesha rasimu ya makala haya, anasema nimekimbia kazi ya mfasiri. Inawezekana.

Hekalu ni neno jepesi zaidi, na lina historia ya kufurahisha. Tumelipata kwa Waarabu, haykal, nalo lina ndugu katika Kiebrania, na wataalamu wamelifuata nyuma hadi Kiakadi na Kisumeri cha Iraki ya kale, ambako e-gal ni nyumba kubwa tu. Waganda nao wanalo katika Biblia yao, yeekaalu. Na mandir, neno la Wahindu wenyewe, katika Kisanskriti ni makao, nyumba. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa Busoga alipoandika katika daftari lake "nyumba ya Wahindu", nikataka kumsahihisha, kalamu ilisimama hewani.

Tuliketi kwenye ngazi za nje, na mzee akatusimulia habari zake kwa kifupi. Alizaliwa Jinja, baba yake akiwa na duka la vitambaa. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1959, wakati Uganda National Movement ya Augustine Kamya ilipoitisha mgomo dhidi ya maduka ya wasio Waafrika katika Buganda. Anakumbuka jamaa wa baba yake waliohamia Jinja kutoka vijijini huko na magunia na vyungu. Hapa sikutaka wanafunzi waondoke na nusu ya habari, kwa hiyo nikawakumbusha kwamba mgomo ule haukuzuka hewani. Mkulima wa pamba wa Buganda alikuwa amekaa miongo mizima akiuza pamba yake kwa bei aliyopangiwa, kwenye viwanda vya kuchambua vilivyokuwa karibu vyote mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na ghasia za 1945 na 1949 zilikuwa na pamba ndani yake. Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Kweli," akasema. "Na baba yangu alikuwa nauza kanga tu." Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna aliyejaribu kuyapatanisha pale kwenye ngazi.

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na wanajeshi Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke. Wakapewa siku 90. Idadi ya Waasia katika sensa ya 1969 ilikuwa zaidi ya 70,000, na baadhi walikuwa wamekwisha kuondoka. Walioondoka katika siku hizo wanakadiriwa kuwa 50,000. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000. Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasiende huko, na wengi wakaenda huko huko, miongoni mwao kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa ameketi nasi sasa na mvi zake. Maduka yaligawiwa, mengi kwa askari. Hekalu halikuwa na rafu wala bidhaa. Lilibaki likitazama soko.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo nimelifikiri tangu siku ile. Mwaka uliofuata, 1973, Amin alikusanya maoni ya wilaya: 12 zilitaka Kiswahili kiwe lugha ya taifa, 8 zilitaka Luganda, na akatangaza Kiswahili. Vitabu vyetu huyaweka matukio haya mawili katika sura tofauti, la kufukuzwa katika sura ya uchumi, la lugha katika sura ya sera. Lakini fikiria mtaa wa Kampala. Kabla ya 1972 Kiswahili, hata kama kilikuwa kibovu, kilikuwa na midomo miwili: mdomo wa kambi na mdomo wa duka. Katika duka kilisemwa na Mhindi kwa Mnyankole, na Mlugbara kwa Mhindi, na hakuna aliyekuwa na bunduki. Mwaka mmoja baadaye lugha ilipandishwa cheo, na mdomo wa duka ulikuwa umefungwa na kupelekwa Leicester. Kikabaki cha kambi. Mganda aliyekisikia miaka ile alikisikia kwenye kizuizi cha barabara. Sisi tunaofundisha leo bado tunalipa deni hilo kila mzazi anapotuambia kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala Aprili 1979 yalikuja na Kiswahili kizuri zaidi, lakini nayo yalikuja na bunduki. Sisemi kwamba duka peke yake lingekiokoa. Wapinzani wa Kiswahili katika Buganda ni wa zamani kuliko Amin. Kabaka Daudi Chwa aliandika dhidi yake mwaka 1929. Nasema tu kwamba tunapoeleza chuki hiyo, tuhesabu na wale wasemaji walioondolewa.

Kule Leicester, mzee alituambia, Kiswahili kilikuwa lugha ya siri kati yake na dada zake. Kigujarati kila jirani alikijua, Kiingereza kila mtu. Wakitaka kusema bei ya kweli mbele ya mteja, walisema kwa Kiswahili. Alirudi Uganda katika miaka ya 1990, serikali ilipokuwa ikiwarudishia Waasia mali zao, akakuta nyumba ya baba yake imegawanywa vyumba saba na kila chumba kina familia. Hakutusimulia iliishaje.

Wakati huo msichana wa Busoga, ambaye ana sarufi nzuri kuliko wengine wote, aliniinamia na kuninong'oneza: "Mwalimu, anasema 'kiatu yangu'." Nilijua alichosikia, maana hata mimi masikio yangu yalikuwa yakihesabu ngeli. Lakini nilikuwa nimehesabu kitu kingine pia. Kwa muda wa saa nzima mzee yule alikuwa ameongea Kiswahili mfululizo, akatania, akakemea, akafariji, akafundisha dini. Wanafunzi wangu kumi na wanane, wenye alama nzuri za ngeli, walikuwa wameuliza maswali manne kwa Kiswahili na mengine yote kwa Kiingereza. Nikamwambia amuulize mzee swali la tano. Akamuuliza kama aliogopa kurudi. Mzee akafikiri, akajibu kwamba aliogopa mara moja tu tangu arudi, mwaka 2007.

Wengi wa wanafunzi walikuwa wadogo mno kukumbuka. Tarehe 12 Aprili 2007 watu waliandamana Kampala kupinga mpango wa kukata takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira na kumpa mwekezaji wa sukari mwenye asili ya Kihindi. Sababu ya maandamano ilikuwa ya haki kwa maoni ya wengi, hata yangu. Lakini barabarani hasira ya msitu iligeuka hasira ya rangi ya ngozi. Mhindi mmoja aliyekuwa akipita aliuawa kwa kupigwa, maduka yakavunjwa, na hekalu la Wahindu mjini likashambuliwa. Mpango wa msitu ukasimamishwa mwaka huo huo. "Mimi nafunga mlango," alisema mzee, "nakaa ndani, nasikia watu napiga kelele. Nasema, basi, tena." Kisha akasimama, akasema saa ya kufunga imefika, kwa kuwa mchana miungu hupumzika.

Tulivaa viatu kimya. Hakuna aliyetania.

Darasani Jumatatu tulijadili kama methali ile iondolewe katika orodha. Kundi moja lilisema ni tusi, ifutwe. Kundi la pili likasema tukianza kufuta methali zenye matusi tutabaki na daftari tupu, hasa upande wa methali za wanawake. Msichana wa Busoga alisema methali yenyewe inakiri kuwa aliyeitunga alikuwa na ugonjwa na Banyani alikuwa na dawa, kwa hiyo tuulize nani hasa alikuwa mbaya. Nimeiacha. Ila sasa chini yake naandika mistari sita badala ya mmoja, na wanafunzi wanalalamika kuwa mkono unauma.

Wenzetu wa vyuo vingine wanaotaka kupeleka madarasa yao, hekalu hupokea wageni wa dini zote, lakini ulizeni kwanza saa za kufunguliwa, na msifike mchana. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mavazi yawe ya heshima, na ngozi kama mikanda na mikoba ni vizuri kuiacha nje pamoja na viatu. Soksi zikaguliwe nyumbani; zangu zilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na darasa zima lililiona.